Miiba Ilionekana, Lango Halikuonekana

Wahenga walituonya kwamba nyumba njema si mlango. Hawakukosea, kwani nakshi za mlangoni zaweza kuficha chumba kitupu. Lakini anayezijua nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar anajua pia kwamba mlango si bubu. Misumari ya shaba, maua yaliyochongwa, maandishi yaliyo juu ya kizingiti, vyote humdokezea mpita njia mwenye nyumba alikuwa nani. Historia ninayotaka kuijadili ni ya nyumba ndogo kuliko punje ya mchanga: ganda la kiumbe wa baharini lililogeuka kisukuku. Kwa miaka 125 watu werevu waliieleza kwa makini, wakapima upana wake, unene wa kuta zake, urefu na idadi ya miiba yake. Waliipa jina, wakalibadili, wakaipa jingine. Mwenye nyumba hawakumjua. Alipojulikana, mwaka 1961, alijulikana kwa mlango. Nashikilia kwamba kisa hiki kinasahihisha dhana moja iliyozoeleka, kwamba kueleza umbo la kitu ni kazi ya ukarani inayotangulia sayansi yenyewe. Kueleza ndiko kulikozaa ugunduzi hapa, na kueleza huko huko ndiko kulikouchelewesha. Kilicholeta tofauti ni swali ambalo mwelezaji alikwenda nalo kwenye hadubini.

Mwenye nyumba ni dinoflajelati, kiumbe wa chembe moja anayeelea baharini na katika maziwa. Wavuvi wa pwani wanaijua kazi yake hata wasipolijua jina lake, kwa maana baadhi ya jamii zake ndizo zinazowasha ile nuru ya buluu kasia linapokata maji usiku wa giza. Ana mijeledi miwili ya kuogelea. Mmoja umemzunguka kiunoni ndani ya mfuo ulio kama mshipi, na wa pili huelekea nyuma. Jamii nyingi huvaa deraya ya vibamba vya selulosi vilivyopangwa kwa safu: safu ya kileleni, safu iliyo juu ya mshipi, mshipi wenyewe, safu iliyo chini yake, na vibamba vya mkiani. Idadi ya vibamba na namna vinavyopakana humtambulisha kiumbe kama msuko unavyoutambulisha mkeka. Katika hatua fulani ya maisha, baadhi yao hujifungia ndani ya ganda na kulala, kama kambare mamba anavyojizika topeni maji yakikauka. Ganda hilo la usingizi huitwa sisti. Usingizi ukiisha, kiumbe hufungua sehemu moja ya ganda na kwenda zake, na ganda tupu hubaki katika matope ya sakafu ya bahari. Deraya ya selulosi huoza upesi. Sisti nyingi, ambazo kuta zake ni za mada sugu iitwayo dinosporini, hudumu miaka milioni mia moja na zaidi, na hata asidi inayoyeyusha jiwe haizidhuru. Kwa hiyo anachokiokota mtaalamu wa visukuku ni nyumba iliyohamwa, na mara nyingi mlango umeachwa wazi.

Wa kwanza kuziona nyumba hizi alikuwa Christian Gottfried Ehrenberg wa Berlin. Kati ya 1820 na 1825 alikuwa amesafiri na mwenzake Wilhelm Hemprich huko Misri na katika mwambao wa Bahari ya Shamu, hadi Hemprich alipofariki mjini Massawa. Aliporudi nyumbani alijikita kwenye viumbe wa hadubini, na mwaka 1836 akaanza kuwaonyesha wanataaluma wenzake yale aliyoyakuta ndani ya vipande vyembamba vya gumegume. Ni jiwe lile lile lililotoa cheche katika bunduki za kale. Huko Ulaya hupatikana kwa wingi ndani ya miamba ya chaki ya kipindi cha Kretasia, na likichongwa likawa jembamba hupitisha mwanga kama kioo chenye ukungu. Ndani yake Ehrenberg aliona viumbe wa namna mbili. Wengine walikuwa na vibamba na mshipi, naye akawatambua kuwa ni jamaa wa Peridinium, dinoflajelati aliyekwisha kuijua ikiwa hai. Wengine walikuwa matufe yenye miiba iliyochanua ncha. Hawa aliwaingiza katika Xanthidium, jina la mwani wa maji baridi, na mmoja wao, mwenye miiba ya matawi, akamwita Xanthidium ramosum. Swali na jibu vilikuwa ndani ya jiwe moja, chini ya jicho moja, na jicho hilo likavitenganisha kwa sababu kimoja kilikuwa na miiba na kingine hakikuwa nayo.

Huko Uingereza, Gideon Mantell, daktari wa Sussex aliyejulikana kwa kueleza mabaki ya dinosaria Iguanodon mwaka 1825, naye aliyachunguza mawe hayo. Ehrenberg aliamini kwamba maganda hayo yalikuwa ya silika. Mantell akashikilia kwamba yalikuwa utando laini wa kiumbe, na hayo aliyaona sawasawa. Mwaka 1850 aliyatenga na mwani wa maji baridi na kuyapa jina jipya, Spiniferites, yaani wabeba miiba. Jina halikushika wakati huo. Zaidi ya miaka 80 baadaye Mjerumani Otto Wetzel alirudi kwenye gumegume la Baltiki, akathibitisha katika kazi yake ya 1933 kwamba vitu hivi ni mada ya viumbe na si madini, kisha akaviita Hystrichosphaera. Neno hilo limetokana na Kigiriki hystrix, ambaye ni nungunungu. Tuyatazame majina haya mawili kwa utulivu. Mmoja alisema wabeba miiba, mwingine akasema matufe ya nungunungu. Karibu karne nzima iliwatenganisha, lugha zao zilitofautiana, lakini macho yao yalitua mahali pamoja. Jina likishatolewa huwa kama kidole kinachoelekeza: kila aliyekuja baada yao alikwenda kwenye miiba kwanza, akaihesabu, akaipima, akaeleza kama imenyooka au imepinda, kama ncha yake ni butu au imegawanyika. Kuhusu asili ya vitu hivyo, kulikuwa na waliodhani ni mbegu za mwani, na waliodhani ni mayai ya wanyama wadogo wa baharini.

Si haki kusema kwamba waelezaji wa enzi hiyo walikuwa wavivu. Georges Deflandre mjini Paris, Alfred Eisenack huko Ujerumani na Isabel Cookson huko Melbourne waliacha kazi ambazo mtaalamu wa leo bado anazifungua. Uchunguzi ambao Cookson na Eisenack waliuchapisha mwaka 1958 kuhusu visukuku vya Australia na New Guinea ulitoa spishi kwa makumi, kila moja na picha yake, vipimo vyake na mahali ilipotoka. Matundu kwenye maganda yalionekana na hata kuchorwa. Lakini kwa wengi tundu lilikuwa kasoro, mpasuko wa bahati mbaya wa kitu kilichogandamizwa na mwamba kwa mamilioni ya miaka. Wakati huo huo, lugha ya kulisomea tundu hilo ilikuwa tayari imeundwa. Huko California, kati ya 1907 na 1911, Charles Atwood Kofoid alibuni utaratibu wa kuhesabu vibamba vya dinoflajelati walio hai, kila kibamba na nambari yake kulingana na safu yake. Wataalamu wa viumbe hai walikuwa na sarufi bila maandishi ya kale. Wataalamu wa visukuku walikuwa na maandishi ya kale bila sarufi. Walikaa vyumba viwili vya nyumba moja kwa miaka 50, na mlango wa kati ulibaki umefungwa.

Aliyeufungua ni William Evitt, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya utafiti ya kampuni ya mafuta mjini Tulsa, Oklahoma. Kabla ya hapo alikuwa mtaalamu wa trilobaiti, wanyama wa kale waliojivua gamba kwa kupasuka kwenye mishono maalumu. Naona jambo hilo lina uzito katika kisa chetu. Mtu aliyezoea kuuliza gamba limefunguka wapi, na kwa nini hapo, hawezi kupita kwenye tundu kama anayepita kwenye ufa wa ukuta. Katika makala yake ya 1961, Evitt alionyesha kwamba tundu la matufe yenye miiba si mpasuko wa ovyo. Katika sampuli baada ya sampuli lina umbo lile lile, kingo zile zile zenye pembe, na mahali pale pale. Ukilipima unakuta ni kibamba kimoja kamili kilichong'oka, au kundi la vibamba vilivyong'oka pamoja. Akaliita kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya lango la kale. Katika ile spishi ya Ehrenberg, lango ni kibamba cha tatu cha safu iliyo juu ya mshipi, upande wa mgongoni. Kifuniko chake mara nyingine huonekana kimeangukia ndani ya ganda, mithili ya mlango ulioanguka kutoka bawabani.

Lango lilipokubaliwa kuwa lango, miiba nayo ilianza kusema. Chukua ganda la spishi hii kama linavyoelezwa sasa. Mwili wake ni tufe au yai, na maganda 20 ya namna hiyo yakipangwa mstari mmoja hayafiki mbali zaidi ya milimita moja. Juu ya ukuta hupita matuta membamba yanayochora mipaka ya vibamba vya deraya ambayo yenyewe haipo tena. Miiba imesimama kwenye mipaka hiyo, hasa kwenye pembe ambapo vibamba vitatu hukutana, na hapo ncha ya mwiba hugawanyika mara tatu. Pale mwiba unaposimama kwenye mpaka kati ya vibamba viwili tu, ncha hugawanyika mara mbili. Ehrenberg aliyaona matawi hayo, ndiyo maana akaiita ramosum, yenye matawi. Asichokijua ni kwamba kila tawi lilikuwa likielekeza kwenye mpaka, na kwamba idadi ya matawi ilikuwa hesabu ya majirani. Miiba haikuwa pambo. Ilikuwa nguzo za pembeni za nyumba. Taarifa ilikuwepo ndani ya maelezo ya zamani, sahihi kabisa, ikakaa miaka 125 bila kusomwa kwa sababu hakuna aliyeuliza mwiba umesimama wapi. Waliuliza tu una umbo gani.

Pingamizi la kwanza ni la vifaa. Mtu anaweza kusema kwamba Evitt hakuwa na jicho bora kuliko Ehrenberg, alikuwa tu na asidi. Ndani ya gumegume ganda limekwama, na huwezi kuligeuza ulione mgongo. Asidi ya haidrofloriki huyeyusha silika yote na kuliacha ganda huru, likageuzwa pande zote chini ya hadubini iliyo bora mara nyingi kuliko ile ya 1836. Pingamizi hili lina ukweli, na anayelipuuza anamwonea Ehrenberg. Lakini halitoshi. Cookson na Eisenack walikuwa na maganda huru yaliyotolewa mwambani kwa asidi, na kwa wingi, miaka mitatu kabla ya makala ya Evitt. Kama chombo peke yake kingeleta jibu, lingekuja 1958 au kabla. Asidi ililiweka tundu wazi mbele ya macho ya watu kadhaa. Aliyetangulia kulisoma ni yule aliyelichukulia kuwa sehemu ya kuelezwa, akalipa nafasi yake katika maelezo pamoja na umbo, kingo na anwani yake kwenye ganda.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Linasema kwamba maelezo hayakuthibitisha chochote, na uthibitisho ulitoka maabara. Kuanzia mwaka 1966 David Wall na Barrie Dale, waliofanya kazi Woods Hole katika jimbo la Massachusetts, walichapisha matokeo ya kuchukua sisti hai kutoka baharini na kuzitunza hadi zikaanguliwa. Kutoka kwenye matufe ya miiba ya namna ya Spiniferites waliogelea viumbe wa kundi la Gonyaulax spinifera, dinoflajelati iliyokwisha kuelezwa ikiwa hai tangu karne ya 19. Wasomi wa pande mbili wasiojuana walikuwa wamempa kiumbe yule yule sifa ile ile ya kubeba miiba. Hapo shaka iliyosalia ilikwisha, na siwezi kukana nguvu ya jaribio hilo. Ila tuangalie mpangilio wa matukio. Jaribio lilikuja miaka mitano baada ya hoja ya lango, na lilijibu swali ambalo hoja hiyo ilikuwa imelinoa. Tena jaribio linahusu sisti zilizo hai peke yake. Spishi zilizotoweka tangu Jurasi hakuna atakayeziangua. Kwa hizo, lango na mipaka ya vibamba ndiyo mashahidi pekee, na imani yetu kwao inatokana na kwamba pale jaribio lilipowezekana, mashahidi hao hawakusema uongo.

Maabara hiyo hiyo ilizaa pingamizi la tatu, ambalo naliona gumu kuliko yote. Wall na Dale walikuta kwamba viumbe walioonekana kuwa spishi moja wakiogelea waliweza kutoka kwenye sisti za sura mbalimbali, na baadaye Gonyaulax spinifera ikahusishwa na zaidi ya jenasi moja ya sisti. Kama ni hivyo, spishi zinazoelezwa kwa maganda ni spishi kweli, au ni mitindo ya nyumba tu? Nakubali kwamba jina la sisti ni jina la nyumba kwanza. Kulichukulia kama jina la ukoo ni kujidanganya. Lakini jina la nyumba lina kazi yake halali. Maganda ya sura fulani huanza kuonekana katika tabaka fulani za miamba na kukoma katika nyingine, na hayo hubaki kweli bila kujali walioishi ndani walikuwa ukoo mmoja au mitatu. Hata hapa tofauti kati ya spishi ni kubwa. Spiniferites ramosus ya leo, ambayo ndiyo ile ya Ehrenberg, imedumu tangu Kretasia ya mwanzo hadi sasa, hivyo ni saa mbovu. Anayetaka umri wa mwamba hutafuta jamaa zake walioishi muda mfupi. Kujua ni nani wa kutumia kunategemea mtu kuwatofautisha kwa maelezo, na hivyo tunarudi pale pale.

Mfano wa faida hiyo uko kwetu, katika mkoa wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimba kilima cha Tendaguru kwa mikono ya mamia ya wenyeji, na mifupa ya dinosaria ikapelekwa Berlin, ambako kiunzi cha Giraffatitan chenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu kimesimama hadi leo katika Museum für Naturkunde. Mfupa mkubwa hivyo unavutia jicho kuliko kitu chochote, lakini peke yake hausemi vizuri ni wa lini. Kwa bahati njema, tabaka za mifupa za Tendaguru zimepishana na tabaka zilizotandikwa na bahari, na ndani ya tope la bahari hiyo zimo sisti. Eckart Schrank alizieleza mwaka 2005, spishi kwa spishi, naye akaziweka tabaka hizo kati ya Jurasi ya mwisho na Kretasia ya mwanzo. Ganda lisiloonekana kwa macho likalisaidia jitu la Lindi kupata tarehe. Katika jumba hilo hilo la Berlin, wageni wanapoinua shingo kulitazama jitu, umehifadhiwa mkusanyo wa Ehrenberg pamoja na vipande vyake vya gumegume.

Mkusanyo huo ni hoja ya mwisho dhidi ya anayedhani maelezo ya zamani yamepitwa na wakati. Ehrenberg alikosea kuhusu mada ya ganda, kuhusu jamaa zake na kuhusu maji alimoishi. Hata hivyo, alichora alichokiona na akahifadhi alichokichora, ndiyo maana wengine waliweza kurudi kwenye kiumbe kile kile na kumpa jina sahihi. Spiniferites ya Mantell nayo ilifufuliwa zaidi ya karne baadaye kwa sababu ilitangulia Hystrichosphaera. Fasiri zao zilikufa, maelezo yao yakasalia. Evitt naye, mwaka 1963, alijiwekea mpaka kati ya kueleza na kufasiri. Matufe ambayo hayakuonyesha lango wala dalili ya vibamba hakuyalazimisha yawe dinoflajelati. Aliyatenga katika kundi aliloliita akritaki, kwa maneno ya Kigiriki yanayomaanisha asili isiyobainika. Tangu hapo, anayeeleza spishi mpya ya sisti anatarajiwa kutaja umbo, ukuta, matuta, miiba na vipimo, kisha aseme lango liko wapi na ni la vibamba vingapi. Asipoliona, haruki kipengele hicho. Anaandika kwamba lango halikuonekana, ili atakayekuja baada yake na ganda bora ajue pa kuanzia.